Si kila maumivu ni chango (sehemu ya 4)
Mama zangu, damu kuganda mguuni mnaijua. Sasa donge likiziba mshipa wa utumbo je? Ni nadra, ila utumbo ukikosa damu unaanza kufa.

Mimba yenyewe huifanya damu igande upesi, na hali hiyo haiishi siku ya kujifungua. Wiki 6 za mwanzo bado uko hatarini, hasa kama ulipasuliwa au unashinda umelala (ndo maana tunawasumbua mtembee!).

Chango huja na kuondoka, huzidi ukinyonyesha, na baada ya siku chache kimeisha. Haya maumivu hayaachii. Tumbo ukilibonyeza ni laini, lakini mama analia. Mimi nikimkuta wa hivyo zamu ya usiku namwita daktari hapohapo. Ukitapika au ukiona damu chooni, usingoje kukuche. Na useme ulijifungua lini, hata wasipouliza.