"Papa Pasta, Naandika Namna Gani?"

Ndugu msomaji, ukisema mtoto wako anasoma udaktari kwenye iniversite, watu wanafurahi. Lakini sema "marketingi na komunikasyo," utaona wanavyokutazama. Hata mimi nilifikiri ni masomo ya kufundisha watoto wetu uongo wa piblisite.

Binti mmoja wa kanisa letu anayasoma kule Lubumbashi. Baba yake alitumika mgodini miaka mingi. Sasa hana kazi, na minervali tunamsaidia sisi kanisani. Siku moja nilimwomba anieleze. Akaniandikia herufi 4: A, I, D, A. Kuvuta macho ya mtu, kuamsha hamu yake ya kujua, kumpa tamaa, kisha kumfikisha kwenye kununua. Njia hii inahesabiwa kuwa ya Mmarekani mmoja, E. St. Elmo Lewis, mwisho wa karne ya 19. Nilicheka, kwani niliona wahubiri wengi tunafanya vilevile. Yeye hakucheka. Akasema: "Lakini mbele ya yote, Papa Pasta, tunafundishwa kwenda kuuliza wanunuzi." Hilo katika shule ya Biblia sikulipata.

Basi walipewa kazi ya kufanya kwa kikundi, wanafunzi 5: watengeneze tangazo la kitu chenye kuuzishwa sokoni. Wenzake wakachagua mafuta ya kung'arisha ngozi. Walienda kuuliza wamama. Wengine walisema wanayapenda. Mama mmoja akafungua kitambaa, akawaonyesha shavu lililoungua, akasema: "Andikeni na hii." Kikundi hakikuandika. Kwenye afishi waliweka uso mweusi kushoto, uso mweupe kuume, na chini maneno haya: "Bila hatari yoyote." Kuandika maneno ilikuwa kazi ya binti yetu.

Alikuja kwangu Jumamosi jioni. "Papa Pasta, mimi sijue kama haina hatari. Naandika namna gani?"

Utanihukumu, msomaji, na una haki. Niliwaza minervali, nikawaza sadaka za wajane zilizoilipa. Nikamjibu: "Mwanangu, ni zoezi tu. Andika, upate pointi zako."

Hakuandika. Mbele ya profesere na wanafunzi wote alisoma maneno ya yule mama vile alivyoyasema. Kikundi kilipata 10 kwa 20, kwa shida. Wenzake wawili hawamsalimu mpaka leo.

Aliponieleza hayo nyumbani kwangu, mke wangu alikuwa anamwaga chai. Akanyamaza. Kisha akaingia chumbani, akaleta kopo. (Yeye mwenyewe ameniruhusu kuandika hii.) Miaka mingi tunalala chumba kimoja, sikuuliza hata mara moja.

"Nani alikuambia ni mazuri?" nikamuuliza.

"Si karatasi iliyo juu yake?"

Binti alichukua kopo, akasoma herufi ndogo za nyuma. Haidrokinoni ilikuwemo. Afrika Kusini iliikataza katika mafuta ya namna hii tangu 1990. Mafuta mengine yana zebaki, na Shirika la Afya Duniani linasema zebaki inaweza kuharibu figo.

Mke wangu akaniuliza: "Na wewe, ulimwambia huyu mtoto aandike nini?"

Chai ilipoa mezani.