Kisio la Mjukuu Wangu

Wenye kukusanya kitabu chetu wamenitaka niandike machache, nami nimechagua khabari iliyotokea nyumbani kwangu hapa Maskati.

Mjukuu wangu anasoma uhandisi wa mawasiliano. Usiku mmoja nilimkuta analia. Alipewa antena ya vyombo vya Voyager, vilivyorushwa angani mwaka 1977, akisie uelekezi wake; yaani, nguvu yake upande inakoelekea ni mara ngapi ya antena inayomwaga sawa pande zote. Sahani yake ina upana wa mita 3.7, na mbele yake kipo kioo kidogo chenye uso unaochagua mawimbi. Mimi nilikifahamu kwa kifumbu: tui hupita, machicha hubaki. Mawimbi ya sentimita 13 hupita, ya sentimita 3.6 hurudishwa.

"Babu, nimepata majibu mawili. Bora niache, nikasome biashara."

Neno hilo lilinichoma. Baba yake alitaka fizikia. Mimi, mwalimu wa watu, ndiye niliyemlazimisha asome uhasibu. Hajanilaumu hata siku moja.

Nikaketi naye, maana skuli nilisomesha hesabu. Njia yake ya kwanza: mbingu yote, juu na chini, ni digrii za mraba 41,253. Mwale wa mawimbi yale mafupi una upana wa kama nusu digrii kila upande. Ukigawa, unapata 165,000. Njia ya pili: pai mara upana wa sahani, gawa kwa urefu wa wimbi, kisha zidisha jawabu kwa nafsi yake. Inatoka kiasi cha 104,000.

"Hukukosea," nikamwambia. "Ya kwanza inadhani hakuna kinachomwagika nje ya mwale. Ya pili inadhani sahani nzima imepata mawimbi sawasawa. Na kifumbu chako nacho huvujisha na kutawanya kidogo. Kwa hivyo ukweli uko chini ya zote mbili. Kisio si uongo, mradi useme umekisia vipi."

Akaandika yote mawili na sababu zake, akalala.

Asubuhi nilimpigia simu baba yake, nikamwomba radhi. Alinyamaza kitambo, kisha akasema: "Baba, hebu nisomee na mimi hiyo hesabu."

Wazee wenzangu, mimi nilimkisia mwanangu kwa njia moja tu. Nyinyi msifanye hivyo.

Wabillahi tawfiq.