Barua kutoka Perth: Waacheni Wanafunzi Wajibizane

Mwalimu wangu,

Natumaini zamu ya maji ya mfereji inawafikia na mahindi ya huko kwetu Nduruma yamesimama. Uliniandikia kwamba shule imepata kompyuta, na wazazi wanauliza zitafanya nini zaidi ya kuchapa mitihani. Swali hilo nimelibeba moyoni, maana mji huu ninaoishi ndiko ilikozaliwa Moodle, programu wanayosomea wanafunzi wa Chuo Kikuu Huria cha Tanzania. Mwanzilishi wake, Martin Dougiamas, alikulia jangwani, mbali kabisa na miji, akifundishwa kwa redio ya upepo. Mwaka 2002 alitoa toleo la kwanza, akaruhusu kila mtu alitumie bure.

Nami huku chuoni naitumia kusomea. Vitabu vilivyomo si vya ajabu. Kinachonigusa ni aina moja ya mjadala: huoni majibu ya wenzako mpaka uandike la kwako. Hapo hakuna kunakili wala kujibanza nyuma ya kinara wa darasa. Yule mkimya asiyenyoosha mkono anaandika kama wengine, na mara nyingi jibu lake ndilo linalowarudisha wenzake kusahihisha ya kwao. Ukurasa wa kazi ya kikundi nao hutunza kumbukumbu: nani kaandika nini, saa ngapi, nani kafuta. Unaikumbuka ile lawama yetu, wawili wanahangaika na wanane wanapata maksi? Mwalimu wa huku anaimaliza kwa kufungua historia ya ukurasa.

Intaneti isikutie hofu. Moodle inawekwa kwenye kompyuta moja, nyingine zinaunganishwa nayo kwa ruta, na wanafunzi wanafanya kazi bila bando. Wala hazihitajiki zile simu ambazo wanafunzi hawaruhusiwi kuja nazo shuleni.

Kwa mada ya kwanza ya mjadala, mimi ningeanza na maji. Shirika la Afya Duniani limeweka kikomo cha miligramu 1.5 za floraidi kwa lita, na vyanzo vingi huko kwetu kuzunguka Mlima Meru vinazidi hapo. Meno ya kahawia ya watoto wetu yametokana na floraidi hiyo. Kila kikundi kieleze maji ya nyumbani yanatoka wapi, mto, kisima au bomba, na wazee wanasemaje juu yake. Kisha kazi yote ihifadhiwe kwenye flashi, ipelekwe shule mojawapo ya juu mlimani, wenzao waisome, wabishe, waongeze ya kwao, irudi. Taasisi ya Nelson Mandela iko jirani pale Nambala, na wapo watafiti wake wanaoshughulikia kuondoa floraidi. Waombwe kujibu maswali ya wanafunzi.

Ila nakusihi kitu kimoja. Nimeona walimu wakipandisha notsi, wanafunzi wakazipakua, habari ikaisha hapo. Kwa kazi hiyo ubao unatosha, tena hauhitaji umeme. Muda mrefu zaidi wapewe wanafunzi wenyewe kuandikiana, hata kama silabasi itachelewa kidogo.

Na ninyi wana-Nduruma mlio Dar es Salaam, Muscat, London na kwingineko mnaosoma barua hii: shule inahitaji ruta, betri ya sola na fundi wa kuzifunga. Tuchange kabla ya muhula wa Januari.