Usiifomati Bado

Mpwa wangu Brian,

Mama yako alinipitia kwenye kibanda changu cha ufundi wa laptopu, Mutindwa, Umoja, Jumapili akitoka kanisani. Ndiye aliyeniambia kwamba uliweka Windows 11 kwenye ile HP EliteBook 840 G3, na sasa ukiiwasha inakuletea 3F0, kwamba haioni diski ya kuwashia. Akasema unataka kuifomati. Mwanangu, ngoja kwanza.

Sikulaumu. Microsoft ilimaliza msaada wa kawaida wa Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025, na Windows 11 inadai TPM 2.0 na, kwa Intel, prosesa ya kizazi cha nane kwenda juu. Yako ni ya sita. Laptopu za ex-UK, zilizokwisha kutumika Uingereza, za umri huo zimejaa mjini, na wanafunzi wengi hawana uwezo wa kununua nyingine.

Lakini nimeketi kwenye meza hii miaka mingi, na ninajua kinachowaliza watu. Mweka hazina wa chama fulani cha Kayole aliniletea mashine iliyokwisha kupita kwa fundi mwingine. Ilikuwa inawaka vizuri kabisa, na ndani hamna kitu. Hesabu za michango ya akina mama zilifutwa kwa tatizo ambalo halikuhitaji kufomati. Wazee walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Wewe daftari lako ni ile projekti ya chuo.

Basi fanya hivi. Omba rafiki akutengenezee flashi ya Linux Mint. Washa laptopu huku ukibonyeza F9, uchague flashi, uitumie hivyo hivyo bila kuisakinisha. Diski ikionekana, nakili kazi zako zote nje. Ikiwa imefungwa na BitLocker, utaombwa ufunguo wa tarakimu 48. Utafute kwenye akaunti yako ya Microsoft. Diski isipoonekana kabisa, hilo si tatizo la Windows. Huenda imelegea au inakufa, kwa hiyo iache ilivyo uniletee.

Ukishanakili, ingia BIOS kwa F10. Mara nyingi kosa ni hili: mfumo ulisakinishwa kwa modi ya zamani, Legacy, na diski ikapangwa kwa MBR, halafu BIOS ikawekwa UEFI peke yake, inayotafuta GPT. Rudisha modi iliyotumika wakati wa kusakinisha, uwashe tena. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, na uandike ulichobadilisha. Ikigoma, ndipo uwashe kwa flashi ya Windows: bonyeza Shift na F10 kufungua dirisha la amri, kisha utumie amri ya bcdboot kuandika upya faili za kuwashia. Hakikisha kwanza herufi ya diski, maana pale C huenda isiwe C uliyoizoea.

Hata ikiwaka, kumbuka kwamba Microsoft haikuahidi masasisho ya Windows 11 kwa mashine zisizotimiza masharti yake. Ukichoka kuhangaika, baki na Linux Mint. Toleo la 22 linahudumiwa hadi 2029, na hakuna aibu yoyote kuandikia projekti humo.

Nipigie Jumamosi jioni, kazi yako ikiwa imehifadhiwa mahali pawili. Hapo ndipo tutazungumza habari za kufomati.

Akupendaye,
Mjomba wako