Kikombe Kimevunjika

Mtoto akiulizwa kikombe kiko wapi, hasemi "nimekivunja." Anasema "kimevunjika." Kauli ya kutendeka haina mtendaji, na mtoto anaijua kuitumia kuliko wakili.

Niliikumbuka kauli hiyo nikisoma ripoti ya tume za Marekani zilizochunguza milipuko ya 7 Agosti 1998 kwenye balozi zao za Nairobi na Dar es Salaam. Tume hizo, chini ya Admirali William Crowe, zilitoa ripoti Januari 1999. Zilisema hakukuwa na onyo mahususi. Hakuna mtumishi hata mmoja aliyeonekana kuzembea kazi yake. Kosa lilikuwa la pamoja, la serikali na mabunge kadhaa ya Marekani kwa miaka kumi. La wote. Sasa hapo unamshika nani?

Hebu tuangalie kilichojulikana. Agosti 1997, mwaka mzima kabla, FBI na polisi wa Kenya waliipekua nyumba ya Wadih el-Hage jijini Nairobi, mtu aliyewahi kuwa katibu wa Osama bin Laden. Walichukua kompyuta yake, na humo mlikuwa na barua iliyokitaja waziwazi kikundi chao cha Afrika Mashariki. El-Hage akaenda zake Marekani, wenzake wakabaki. Novemba mwaka huohuo Mmisri mmoja aliingia ubalozini Nairobi kwa miguu yake, akaeleza mpango wa kulipua jengo kwa gari la mabomu. Hakuaminiwa. (Hapo tena, kauli ya kutendwa.)

Nakubali, baada ya msiba kila dalili huonekana kubwa. Maofisa wale walikuwa wanapokea vitisho vingi, na vingi vilikuwa porojo. Lakini Balozi Prudence Bushnell hakuwa anaomba utabiri. Jengo lake lilikuwa kwenye kona ya Moi Avenue na Haile Selassie, limebanana na barabara, wakati viwango vilivyowekwa baada ya mashambulizi ya Beirut vilitaka nafasi ya kama mita 30. Aliomba jengo jingine. Aliandika Washington, mpaka kwa waziri Madeleine Albright mwenyewe. Akajibiwa kwamba hatari ya Nairobi ni ya wastani, na fedha hazitoshi. Kusogeza ukuta mbali na barabara hakuhitaji kujua adui atakuja lini, jamani.

Nairobi walikufa watu 213, Wamarekani wakiwa 12. Dar es Salaam 11. Ripoti ya Crowe inapima deni la Marekani kwa watumishi wake. Waliokuwa Ufundi House, jengo la jirani lililoporomoka, hawakuwa watumishi wa yeyote kati ya hao, na polisi wa nchi yao walikuwepo siku ya upekuzi ule.

Lori lilipofika nyuma ya ubalozi, mlinzi Mkenya asiye na bunduki alikataa kufungua kizuizi. Mmoja wa waliokuja na lori akarusha bomu la mkono. Watu katika ofisi za jirani waliposikia kishindo wakakimbilia madirishani kutazama kuna nini, na walikuwa bado wamesimama mbele ya vioo lori lilipolipuka.