Vuga ya juu, Mazinde ya chini

Sisi watoto wa Ngamiani, Tanga mjini, Ikulu tuliyoijua ni moja, ile ya Dar es Salaam iliyotajwa redioni kila jioni. Babu mzaa mama, Msambaa wa Soni, alikuwa na yake: Vuga. Akiitaja hushusha sauti. Sisi tulicheka, maana kwetu Vuga lilikuwa jina la kiwanda cha uchapaji lililoandikwa kwenye vitabu vya kanisani vya majirani.

Nilipokua ndipo nilipoelewa alichokizungumzia. Vuga, mlimani kwa Wasambaa, ndiko walikoketi wafalme wa Kikilindi, ukoo wa Mbegha, yule mwindaji wa nguruwe aliyetoka Ungulu. Kimweri ye Nyumbai alitawala pale hadi kifo chake mwaka 1862, na mkono wake ulifika pwani: huku kwetu mabwana walikuwa wawili, yeye wa mlimani na Sultani wa Unguja. Wasafiri Burton na Speke walipanda wakitokea Pangani Februari 1857, wakapokewa na mzee Kimweri, lakini kulala ndani ya mji hawakuruhusiwa. Burton aliukadiria kuwa na vibanda kama 500. Hakuna ngome ya mawe wala mizinga; majani matupu. Nguvu ya pale ilikuwa mvua. Mfalme ndiye aliyeaminiwa kuiita au kuizuia, na kwa hiyo watu walipeleka kodi juu wenyewe, kwa miguu, mlima ule!

Sasa tazama alichofanya Semboja, mwanawe Kimweri. Yeye alikaa Mazinde, bondeni, kwenye njia ya misafara. Huko kulipita pembe za ndovu na watumwa kwenda chini, bunduki na baruti kuja juu. Alivaa kama watu wa pwani na kufanya biashara nao. Mwishoni mwa miaka ya 1860 alimng'oa Shekulwavu, mjukuu wa Kimweri, kutoka Vuga. Kiti kikawa chake. Je, alihamia? Hata kidogo. Alimweka mwanawe, Kimweri Maguvu, kule juu, yeye akabaki Mazinde na bunduki zake. Yaliyofuata ni vita vya miaka mingi, na watu kukamatwa na kuuzwa. Abdallah bin Hemedi aliyaandika mengi ya enzi hiyo katika Habari za Wakilindi, na ukikisoma kitabu kile utachoka kuhesabu ugomvi wa ndugu.

Wajerumani walipokuja hawakutaka Vuga wala Mazinde. Walijenga Wilhelmstal, ambayo leo ni Lushoto, kwa sababu ya baridi yake, na reli kutoka Tanga wakaifikisha Mombo, chini ya mlima. Waingereza nao mwaka 1926 walimrudisha Kinyashi, wa ukoo uleule wa Kikilindi, kuwa chifu mkuu, wakitaka kutawala kupitia kwake. Mwaka 1963 serikali ya Nyerere ikayafuta madaraka ya machifu.

Basi la Moshi hupita Mazinde bila mbwembwe. Siku moja nikiwa na mjomba safarini nilimwonyesha bonde, nikamwambia: hapa ndipo palipokuwa Ikulu kweli, Vuga ilishabaki jina. Alikasirika. Kwa mjomba, Semboja alikuwa mfanyabiashara tu aliyeshika nchi kwa nguvu, na mtawala asiyekaa Vuga hakuwa mfalme. Nikamkumbusha ya siku hizi: tangu chama cha TANU kilipoamua mwaka 1973 kuhamishia makao makuu Dodoma, hadi Rais Samia Suluhu Hassan alipofungua Ikulu ya Chamwino tarehe 20 Mei 2023, miaka 50 ilipita, na muda mwingi wa miaka hiyo viongozi walikuwa bado Dar es Salaam, bandarini, kwenye shughuli. Huo ndio ulikuwa ushahidi wangu. Akasema Dar es Salaam haikuwahi kuleta mvua, akafumba macho hadi Same.