Kabla Hujanunua Dawa

Gihosha, Bujumbura
Machi

Mpwa wangu Arnaud,

 Huku mvua haikatiki, na njia ya kushukia mjini ni tope tupu, kama ilivyo kawaida yake.

Ujumbe wako kuhusu maharage ya huko Gitega nimeupata. Miche inakuwa ya njano, inanyauka, nawe unataka pesa ya dawa. Kwa sasa sitatuma. Ng'oa mche mmoja unaokufa, upasue shina kwa wembe pale lilipogusana na udongo. Likiwa limevimba na kuchanika, na chini ya ganda kuna vipupa vya kahawia au vyeusi, basi ni nzi wa maharage. Dawa ya kunyunyizia majani haimfikii tena huko ndani. Utakayemuua ni nyigu.

Simsemi nyigu wa darini anayeuma. Huyu ana milimita mbili hivi, wataalamu humwita Opius phaseoli, na hana ugomvi na mtu. Jike hutaga yai ndani ya funza wa nzi. Funza anaendelea kula kana kwamba hakuna kitu, anageuka pupa, kisha badala ya nzi anatoka nyigu. Vitie vipupa kwenye chupa, funga mdomo kwa kitambaa chepesi, iweke kivulini. (Yangu iko juu ya kabati la vyombo, mkazamjomba wako ananung'unika kila siku.) Mweusi wa kung'aa mwenye mbawa mbili ni nzi, mwenye mbawa nne, kiuno chembamba na vipapasio virefu ni nyigu. Wahesabu.

Nzi huyu alipoingia Hawaii mwaka 1968, watu wa huko walipata adui yake kutoka Uganda. Mwaka 1969 wakaachilia Opius phaseoli na ndugu yake Opius importatus. Nyigu wakazaana, nzi wakapungua sana. Wenzetu waliwapata kutoka ng'ambo ya bahari, sisi tunao bure shambani, halafu tunatoa pesa kuwaangamiza!

Ila usidanganyike. Funza mwenye yai la nyigu bado anatoboa shina. Mche wa leo nyigu hauokoi. Anapunguza nzi wa kizazi kinachofuata. Ndiyo maana huku kwetu, hata nyigu wakiwa wengi, shamba lililochelewa kupandwa huumia. Kwa hiyo wiki hii pandishia udongo kwenye mashina, uyafunike vizuri, mche uote mizizi mipya juu ya kidonda. Msimu ujao panda mvua za kwanza zikianguka, pamoja na majirani. Kwa nini safari hii ulichelewa, bibi yako ameshaniambia.

Ukimaliza kuhesabu wa kwenye chupa, nipigie simu. Wakiwa nzi watupu, nitakutumia pesa ya dawa ya kupaka mbegu kabla ya kupanda. Wakiwemo nyigu, usinyunyize chochote.

Mjomba wako